Illyana na miaka saba isiyohesabiwa

Mwisho aliopewa Illyana Rasputina mwaka 1989 bado unawagawa wasomaji wa katuni za X-Men, kundi la mashujaa waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida. Msichana huyu, awezaye kupotea alipo na kuibuka popote atakapo (na mara nyingine asipotaka, maana uwezo wake haukuwa mtiifu), alikuwa amelaghaiwa hadi akawafungulia mashetani wa Limbo, ulimwengu wa kichawi ambako wakati hauendi kama kwetu, mlango wa New York. Alijitoa mhanga kuufunga. Ndani ya ganda la deraya lililobaki wenzake wakamkuta mtoto mdogo: Illyana yule yule, ila wa kabla ya kutekwa, asiye na habari ya lolote lililompata. Akarudishwa Siberia kwa wazazi wake, wakulima wa shamba la ushirika karibu na Ziwa Baikal.

Kundi moja linasema hiyo ni zawadi: mtoto kapata tena utoto wake. Kundi la pili linasema ni kifo kilichopambwa. Hili la pili ndilo hueleweka vibaya, huonekana kama kundi la watu wanaopenda huzuni kwa huzuni yake.

Hoja ya wanaoufurahia mwisho huo si nyepesi. Mtoto mdogo alitekwa na Belasco, mchawi mtawala wa Limbo, akamegwa nafsi kipande kwa kipande ili vigeuzwe kuwa mawe ya damu. Hakuchagua. Kila alipouchomoa upanga wake, upanga uliotoka katika nafsi yake mwenyewe, alizidi kuukaribia ushetani, na deraya ikazidi kumtanda mwilini. Ikipatikana njia ya kumrudishia mama yake na kitanda chake, nani mwenye roho ya kusema hapana? Na kaka yake Piotr, yaani Colossus, ambaye tangu kitabu cha 1975 tulimwona akilizuia trekta kwa mwili wake lisimkanyage mdogo wake, je, hana haki ya kumpata tena yule aliyempoteza? Damu ina madai yake, na nayakubali. Ninachokataa ni hesabu.

Katika toleo la 160 la Uncanny X-Men, mwaka 1982, Kitty Pryde, msichana wa X-Men, ameushika mkono wa Illyana wakitoroka Limbo. Mkono unateleza. Kitty anaudaka tena papo hapo na kuvuta, na anayetoka si mtoto tena, ni msichana wa miaka kumi na mitatu hivi. Kwa Kitty ni kufumba na kufumbua. Kwa Illyana ni miaka saba. Watu wa jumba la Xavier, makao ya X-Men, hawakumtafuta miaka saba, hawakumlilia miaka saba, hawakujifunza kuishi bila yeye. Kwao aliondoka na kurudi kabla chai haijapoa. Na kwa kuwa wao hawakuiishi ile miaka, ikawa kana kwamba haikuwapo.

Lakini ilikuwapo. Saba katika kumi na mitatu ni zaidi ya nusu ya umri wa mtu, tena nusu ile inayomfanya mtu awe mtu: kuanzia meno ya utoto yanapong'oka hadi mtoto anapoanza kujibizana na wakubwa. Nani alikuwa akimbembeleza usiku? Nani alimwambia hili ni zuri na lile ni baya, katika nchi ambayo mtawala wake alitaka asijue tofauti? Kila ninaposoma kwamba mwisho wa 1989 "ulimrudisha Illyana", najiuliza ni Illyana yupi aliyerudishwa, maana aliyekuwa na majibu ya maswali hayo hakurudi.

Majibu yenyewe yamo katika simulizi. Limbo ilikuwa na X-Men wake, walioshindwa na Belasco zamani wakabaki huko. Miongoni mwao alikuwamo Ororo aliyezeeka, ambaye nguvu zake za kuamrisha upepo na mvua zilikuwa zimefifia, akashika uchawi wa heri. Msomaji wa kwetu anamjua Ororo Munroe: mama yake, N'Daré, ni Mkenya, wazazi wakafa Cairo akiwa mtoto, akalelewa na Achmed el-Gibar, mwizi aliyewafunza watoto wa mitaani kuchomoa pochi za watu, kisha akashika njia ya kusini peke yake. Kwa hiyo aliyelelewa na asiye mzazi wake ndiye aliyekuja kumlea asiye mwanawe. Ororo na yule mtoto wa trekta walionekana katika kitabu kimoja cha 1975, mmoja Kenya na mwingine Siberia, bila kukutana. Miaka minane baadaye, simulizi ya utoto wa Illyana ilipoanza kutoka, wakawa mtu na mlezi wake.

Na ulezi wenyewe haukuwa wa maneno. Ororo alimfundisha kwamba uchawi unaweza kuumba uhai, akamwonyesha kwa mbegu ya mwaloni. Illyana alijaribu akashindwa, akajaribu akashindwa, na alichokuja kukitoa ndani yake mwishowe kilikuwa upanga. Cat, yaani Kitty wa Limbo, asiyejua kubembeleza, naye alimtoa kwa Ororo akamfunza vita kwa ukali. Wapo wanaoutaja upanga kuwa ushahidi kwamba malezi yale yaliharibika. Wanasahau kilichofuata: siku alipomshinda Belasco, akiwa na kila sababu ya kumuua na mapembe yakianza kumchomoza, alijizuia. Mtu hajizuii hivyo kwa bahati. Kuna aliyemfunza, na huyo hakuwa Nikolai wala Alexandra Rasputin, masikini, ambao hawakuwa na habari.

Kaskazini mwa Uganda, na baadaye kaskazini mashariki mwa Kongo, watoto waliotekwa na waasi wa LRA walirudi makwao wakiwa wakubwa. Jamaa waliwapokea kwa machozi ya furaha, kisha baadhi wakaanza kuwaogopa, wakihofia mizimu ya waliouawa. Kumrudisha mtoto kwa wazazi wake ni kazi ya lazima, sina la kuibezea. Ila sidhani kuna mhudumu ajuaye kazi yake atakayemwambia msichana aliyerudi na miaka kumi na saba kwamba ile ya msituni haikuwapo, au atakayetamani aisahau yote, pamoja na yule mwenzake mkubwa aliyekuwa akimgawia chakula gizani.

Sasa familia yake ya pili, shule ya Xavier huko Westchester. Hii ina doa, na wanaoitilia shaka wana hoja. Vijana wa New Mutants, kundi la wanafunzi wa shule hiyo, Illyana akiwamo, ambao toleo lao la kila mwezi lilianza 1983, walipewa sare na mafunzo, na mafunzo yenyewe yalikuwa ya kupigana. Mwaka 1988 Doug Ramsey, kijana ambaye uwezo wake wote ulikuwa kuelewa lugha, alikufa kwa risasi iliyomlenga Rahne Sinclair. Nyumba inayozika mtoto namna hiyo haiwezi kujiita makao ya amani. Tena Rahne mwenyewe, aliyekuzwa Uskoti na mchungaji mkali, alimwogopa Illyana waziwazi na kumwona kuwa ni wa shetani. Familia gani hiyo?

Jibu langu liko katika namna uwezo wa Illyana unavyofanya kazi, jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita kama utaratibu tu wa usafiri. Sahani ya mwanga inapofunguka chini ya miguu yake, haimpeleki anakokwenda moja kwa moja. Inampitisha Limbo kwanza, kisha kutoka huko sahani nyingine inamtoa mahali alipokusudia, na mara nyingine katika wakati asioukusudia. Njia ya mkato hana. Kwa hiyo kila mara wenzake wa New Mutants, Sam Guthrie, Dani Moonstar au Roberto da Costa walipomwambia awatoe kwenye hatari, walikubali kupitia alikokulia. Waliwaona mashetani wanaomtii. Walimwona yeye akibadilika sura na sauti mle ndani, akiwa mtawala. Haikuwezekana kumpokea Illyana wa mezani na kumwacha nje Illyana wa Limbo, kwa sababu safari yenyewe iliwapitisha kwake.

Piotr hakupata mtihani huo kwa kiasi kile. Nampenda Piotr, na simuoni kuwa kaka mbaya. Lakini hata binti alipokuwa mrefu na mwenye upanga, yeye aliendelea kumwita kipande chake kidogo cha theluji, jina la yule mtoto wa shambani. Alimpenda mtu aliyempoteza kuliko mtu aliyempata. Kitty, aliyelala naye chumba kimoja, alimjua aliyepo. Rahne alimwogopa aliyepo, akakanyaga sahani hata hivyo. Kwangu mimi woga wa Rahne una heshima zaidi kuliko upole unaomtaka mtu arudi umri ambao hakuuchagua kuutoka.

Kuna jambo la uandishi pia. Chris Claremont, aliyeandika utoto wa Illyana kule Limbo, aliliacha toleo la New Mutants mwaka 1987, na Louise Simonson ndiye aliyemfikisha kwenye mwisho ule. Sisemi alikosea kumpa Illyana ushindi. Kule kujitoa kwake ni sehemu nzuri kabisa. Kilichonikwaza ni kwamba ushindi ulilipwa kwa kumfuta mshindi.

Zawadi hiyo, kama ni zawadi, ilidumu miaka minne. Wazazi waliuawa, mtoto akarudi kwa X-Men akiwa yatima, na mwaka 1993 akafa kwa virusi vya Legacy, ugonjwa uliowaandama wenye vinasaba kama vyake. Piotr, asiye na chochote tena cha kumshikilia, akawaacha wenzake akamfuata Magneto, hasimu wao wa siku nyingi. Watetezi wa mwisho wa 1989 watasema hayo ni makosa ya waandishi wa baadaye, na ni kweli, huwezi kumhukumu mwandishi mmoja kwa alichofanya mwingine. Hata hivyo angalia jinsi ilivyokuwa rahisi kumuua yule mtoto. Hakuwa na rafiki aliyemchagua, hakuwa na ugomvi wake, hakuwa na neno la kwake mwenyewe. Alikuwa mdogo wa mtu, na basi, na kifo chake kikaandikwa kama jambo lililompata kaka yake.

Illyana mkubwa alianza kurudi mwaka 2007, na waandishi mbalimbali wakachukua muda mrefu kumrejeshea nafsi yake na marafiki zake. Mwaka 2022, akiwa na Dani na Rahne kando yake, aliukabidhi utawala wa Limbo kwa Madelyne Pryor, mhusika mwingine wa simulizi hizi. Wa kundi la zawadi wanaweza kusema hilo ndilo walilomtakia tangu mwanzo, aachane na jehanamu ile. Sina ubishi. Tofauti ni kwamba safari hii aliamua mwenyewe, akiwa mtu mzima, miaka yake yote ikiwa kichwani, ile saba ikiwamo.