Ongeza Miguu Kabla ya Upanga

Kwa miezi mitatu Nyegere wangu amekuwa akipigwa na roboti isiyo na silaha yoyote. Aibu hiyo ndiyo imenifanya niandike.

Nyegere ni roboti ya vita yenye kilo 13.6, kiwango ambacho Waingereza na Wamarekani hukiita uzito wa unyoya. Tuko wanne tunaozitengeneza hapa Arusha. Uwanja wetu ni chumba cha matofali nyuma ya gereji moja Unga Limited, zamani stoo ya matairi, na matairi yenyewe tumeyaegemeza ukutani yapokee vipande vinavyoruka. Pambano likianza mlango unafungwa, sisi tunabaki nje tukitazama runinga kuukuu iliyounganishwa na kamera ya ndani. Majirani wanaamini tunasaga mifupa.

Upanga wa Nyegere umetokana na springi ya nyuma ya gari la watalii. Chuma hicho mji huu haukosi, maana barabara za mbugani zinavunja springi kila msimu, na wahunzi wetu wamezoea kuzifua kuwa sime. Una kilo mbili, urefu wa sentimita 30, jino moja kila ncha, na unazunguka wima kama gurudumu. Mwanzoni ulikuwa unazunguka mara 3,000 kwa dakika, kwa hiyo ncha ilikimbia kama kilomita 170 kwa saa. Mimi nikaona haitoshi.

Hapo ndipo tunapopotea karibu wote. Hesabu tunaijua nusu: mwendo wa upanga ukiongezeka mara mbili, nishati iliyohifadhiwa ndani yake inakua mara nne. Nikanunua mota isiyo na brashi na betri kubwa zaidi ya lithiamu, nikafika mizunguko 6,000. Sauti yake ilimfanya fundi wa kuchomelea aweke chini grenda.

"Chalii, hii ni roboti au helikopta?"

"Ni roboti, mzee."

"Basi ifunge vizuri, mimi nina wajukuu."

Pambano la kwanza baada ya hapo, cheche zilijaa chumba kizima na mpinzani akatoka na mikwaruzo tu. Nilikaa na karatasi usiku ule. Roboti yangu inamwendea adui kwa mita mbili kwa sekunde. Kwa mizunguko 3,000 na meno mawili, jino linapita mara 100 kila sekunde, kwa hiyo kati ya jino na jino adui anaweza kuingia milimita 20. Kwa mizunguko 6,000 anaingia milimita 10 tu. Jino linakosa pa kushika, linateleza juu ya bamba. Nilikuwa nimelipa pesa nzuri ili upanga wangu uwe kinoo.

Na bado kulikuwa na kona. Kitu kizito kinachozunguka kwa kasi hakipendi kugeuzwa. Kwa mwendo wa zamani Nyegere alikata kona bila shida. Kwa mwendo mpya kila nikimgeuza haraka gurudumu la upande mmoja linanyanyuka, kama mbwa aliyefika kwenye nguzo. Mpinzani wangu, kabari ya chuma yenye magurudumu manne na hakuna kingine, anasubiri sekunde hiyo hiyo. Anaingia chini, ananibeba hadi kwenye matairi.

Mwaka 2015, fainali ya BattleBots, mashindano ya roboti za vita kule Marekani, roboti za kilo 113, Tombstone na lile fimbo lake la kutisha linalozunguka ilifungwa na Bite Force, iliyokuwa na mkono wa kubana na kuinua tu. Kweli, mwaka uliofuata Tombstone ilitwaa ubingwa, na Bite Force yenyewe baadaye ilirudi na upanga unaozunguka. Sisemi upanga haufai. Nasema upanga hauna kazi kama hufiki ulipo mgomvi.

Tatizo lingine ni la kwetu sisi wajenzi. Upanga unatoa cheche, cheche zinapendeza kwenye video. Hakuna aliyewahi kumrekodi mtu akilehemu waya, ingawa mapambano mawili niliyopoteza mwaka huu niliyapoteza kwa waya uliochomoka kwenye swichi. Niliusokota kwa mkono na kuufunga kwa utepe. Uvivu, basi.

Kwa hiyo nimeanzia chini. Mota za magurudumu, nilizozitoa kwenye drili za betri za volti 12, nimezibadilisha kwa za volti 18. Magurudumu ni mapana zaidi. Kila waya nimeulehemu na kuubana kwenye fremu. Upanga nimeurudisha kwenye mizunguko 3,000, na sasa Nyegere anakimbia mita nne kwa sekunde, ambayo kwa hesabu ile ile ni milimita 40 za kung'ata.

Jumamosi nilimpima kwenye mizani ya muuza mahindi sokoni Kilombero: kilo 13.9. Gramu 300 lazima zitoke mahali. Wenzangu wananishauri nitoboe bamba la nyuma. Mimi nimeshaupeleka upanga kwa fundi aupunguze urefu.