Jezi ishachapwa, mchezaji hajasajiliwa

Jamani, kupimwa afya na kushika skafu si usajili! Kila dirisha la usajili likikaribia kufungwa, pale Mkunguni Lamu watu washashangilia. Klabu zote mbili, inayouza na inayonunua, huingiza taarifa kwenye mfumo wa FIFA, TMS, na lazima zilingane. Kisha ndipo hati ya uhamisho wa kimataifa itolewe. Kipa De Gea alibaki Manchester United Agosti 2015 badala ya kwenda Real Madrid, kwa nyaraka zilizochelewa, na Navas, kipa wa Madrid aliyekuwa aje Manchester, akakwama naye. Kiungo Adrien Silva je? Mwaka 2017 Leicester, klabu ya Uingereza iliyomnunua, walichelewa sekunde 14, akakaa bila kucheza hadi Januari. Sekunde 14! Na huku jina lishabanwa mgongoni kwa pasi ya moto. Ukilibandua, alama inabaki.