Kuzima mashine moja: ni petroli gani unayookoa?

Boti ya faiba yenye mashine mbili kwenye tezi, yaani nyuma, huwa na ubishi wake, na hapa Mombasa nimeusikia tangu Tudor hadi Mtwapa. Ukishavuka mwamba, wengine husema, zima moja uinyanyue, uendelee na iliyobaki. Hoja yao ni petroli. Mashine ya nguvu za farasi 100 ikifunguliwa kabisa hunywa takriban lita 38 kwa saa, na hakuna tajiri anayependa tangi lirudi kavu.

Kwa wanaorambaza, yaani wanaovua kwa kukokota mishipi nyuma ya boti, nawaunga mkono. Kumtafuta nguru kwa noti 6 au 7 (maili za baharini kwa saa) hakuhitaji mashine mbili, na ile iliyopumzika haijazi masaa bure. (Wajuzi huzipokezanisha, leo ya kulia, kesho ya kushoto, ili zote zifike zamu ya kubadilisha oili pamoja.) Ila inyanyue kweli. Rafadha (panga la mashine) iliyoachwa ndani ya maji inakukokota siku nzima.

Mambo hugeuka mtu anapotaka kurudi mbio. Boti ya futi 26 ikiwa imelala majini, mwendo wake hauzidi sana noti 7. Kupita hapo lazima ipande juu ya maji, na mashine moja aghalabu haina ubavu huo. Omo, yaani mbele ya boti, inakodoa mbingu, tezi inazama, nyuma mnaburuta kilima cha maji. Rafadha iliyochaguliwa kwa kazi ya mashine mbili ni nzito mno kwa moja, kwa hivyo mizunguko haifiki inapotakiwa hata ukisukuma gesi hadi mwisho. Inaguguma tu kama matatu iliyojaa inayopanda mlima kwa gia kubwa. Hapo kila maili yaweza kula petroli kuliko mashine zote mbili boti ikiwa imepaa. Umeokoa nini?

Boti zenye mashine ndani na mtaimbo mrefu (chuma kinachozungusha rafadha) zina lao: rafadha ikizungushwa na maji huku mashine imezimwa, baadhi ya giaboksi hukosa oili. Kitabu cha mtengenezaji kisomwe kwanza.

Langu hasa ni mlango, yaani pengo la kupitia kwenye mwamba. Mwaka mmoja, Julai, kusi, upepo wa kusini, limekaza na maji yanakupwa, tulikuwa tunaingia mlango wa Mtwapa kwa mashine ya kulia peke yake. Mkondo unaotoka ulikutana na mawimbi, yakasimama wima. Moja likatupiga ubavuni mwa tezi, omo ikaelekea kushoto, kwenye povu la mwamba. Nahodha akapiga kelele, "Teremsha, mwanangu, teremsha!" Baharia akabonyeza kitufe, na ile mashine ikashuka taratibu kama mzee anayekaa kitini. Ikakohoa mara mbili ndipo ikawaka. Labda zilipita sekunde 20, na povu lilikuwa karibu kiasi cha kusikika.

Tangu siku hiyo, boti nikiwa na kauli ndani yake, mashine zote mbili huwa chini na zinawaka kabla mlango haujaonekana vizuri, hata kama moja inazunguka bila gia. Petroli ya dakika hizo 15 haifiki bei ya rafadha moja.