Kesi ya hataza haikung'olei skyBeacon
Wenye Cessna wa Marekani wenye hofu kwamba kesi za hataza, kama ile ya Garmin dhidi ya uAvionix, mtengenezaji wa skyBeacon, zitawang'olea kifaa hiki cha ADS-B (kinachotangaza mahali ndege ilipo), watulie: kibali cha FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, cha kukifunga ni jambo jingine. Kilichogombewa ni mbinu ya kunasa namba ya transponda (kifaa cha ndege kinachojibu rada) bila kuvuta waya mpya. Na matatizo huanzia hapohapo: transponda kuukuu ikichoka, skyBeacon, iliyo kwenye ncha ya bawa la kushoto, inaweza kushindwa kuinasa namba hiyo. Ukishafunga, ruka nusu saa kisha omba PAPR, ripoti ya FAA ya utendaji wa ADS-B yako, ni bure. Ukiona vyekundu, yaani makosa, kagua kwanza anwani ya ICAO, namba ya utambulisho wa ndege yako, uliyoingiza kwa simu. Herufi moja tu inatosha kuharibu. Na usifike futi 18,000: kifaa hiki hutumia masafa ya 978 MHz, yanayokubalika chini ya hapo tu.