Umeme wa Loiyangalani na ardhi uliosimama juu yake

Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, katika kaunti ya Marsabit, upepo hupita kwenye mwanya kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya. Ukibanwa hapo, huongeza kasi. Ndiyo sababu mitambo 365 ilisimikwa Loiyangalani, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310.

Upepo husukuma mapanga matatu, mapanga huzungusha mhimili, gia huongeza mizunguko, na jenereta huzalisha umeme. Siri iko kwenye kasi: upepo ukienda kasi maradufu, nguvu yake huwa mara nane. Kwa hiyo wanaosema Kenya ina hazina Marsabit wanasema kweli. Umeme huu hauchomi dizeli, na unafaa hasa miaka ya ukame, mabwawa ya umeme ya Mto Tana yanapopungukiwa maji.

Ila upepo haufuati ratiba ya viwanda. Marsabit huvuma sana usiku, saa ambazo wengi wamelala, na mkataba wa mradi na Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme, unataka umeme uliopo ununuliwe. Matokeo yake, mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, ambao nao huzalisha umeme na ni nishati safi, umewahi kuachwa upotelee hewani. Kabla ya hapo kulikuwa na mkasa wa nyaya. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilichelewa baada ya mkandarasi kutoka Uhispania kufilisika. Umeme haukuingia kwenye gridi hadi mwaka 2018, na fidia ya mabilioni ya shilingi ikadaiwa kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia.

Hayo yote yanarekebishika kwa nyaya na betri. Suala la ardhi ni zito zaidi.

Mradi ulipewa ekari 150,000 za ardhi iliyokuwa chini ya baraza la wilaya kwa niaba ya wakazi. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati zilitolewa bila kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Watetezi wa mradi hujibu kwamba mitambo inakalia sehemu ndogo tu, mifugo bado inalisha katikati yake, na barabara ya kutoka Laisamis imefungua eneo lililosahaulika. Barabara ni faida ya kweli, sitaibeza. Lakini mfugaji anayelisha kwa ruhusa ya mwenye hati hayuko sawa na anayelisha kwa haki yake. Ruhusa huondolewa, na ukame ukija, haki ya kuhama na mifugo ndiyo uhai wake.

Kajiado, mradi wa Kipeto wenye megawati 100 ulianza kwa kukodi mashamba ya wenyeji, na jamii ikapata hisa. Kweli, huko watu walikuwa na hati zao tayari, jambo lililorahisisha mazungumzo. Marsabit hawakuwa nazo. Tangu mwaka 2016 Kenya ina Sheria ya Ardhi ya Jamii, na serikali ingesajili kwanza ardhi ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo, kisha mwekezaji mwingine akaribishwe kupima upepo, akikaa mezani na wenye ardhi wenyewe.