Kikao cha saa mbili usiku: nani akeshe?

Kijana wa Mwanga, Kigoma, anayeandika programu kwa kampuni ya San Francisco yuko mbele ya wenzake kwa saa 10 au 11, kwa sababu Marekani husogeza saa zake Machi na Novemba, sisi hatusogezi. Wenzake wakiingia kazini saa tatu asubuhi, kwake ni saa moja au mbili usiku. Ndipo anapoitwa kikaoni. Swali ni hili: timu iliyotengana hivi izungumze kwa vikao, au kwa maandishi ambayo kila mmoja huyajibu kwa wakati wake?

Wanaotetea vikao wana hoja. Jambo la dakika tano likipitia maandishi laweza kula siku mbili. Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alishaandika mwaka 1968 kwamba mfumo hufuata jinsi wanaoujenga wanavyowasiliana: timu zisizozungumza huzaa vipande visivyoshikana. Na mgeni kazini anahitaji kusikia sauti ya mtu.

Mimi hata hivyo naegemea maandishi. Kwa Git, programu ya kutunza kumbukumbu ya mabadiliko ya kazi, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya mfumo wa kompyuta wa Linux, kila mmoja ana nakala ya kazi pamoja na historia yake kwenye mashine yake. Mtandao ukikata Ujiji, maadamu betri ina chaji, kazi inaendelea. Mabadiliko atayatuma baadaye.

Ila maandishi yana adabu yake, na hapo ndipo tunapoteleza. Tumezoea kuanza na "Habari, upo?" Ukiituma saa nne asubuhi, San Francisco wanaelekea kulala. Utajibiwa "Nipo" usiku, na siku imekwisha swali lenyewe halijaulizwa. Salimia, kisha mwaga yote kwa mkupuo: tatizo, ulichojaribu, na utakachofanya usipojibiwa. "Nachukulia kiasi hiki tayari kina VAT, kama sivyo, nitarekebisha kesho." Sentensi kama hiyo huokoa kikao kizima.

Kikao kibaki kimoja kwa wiki, na adha izungushwe: wiki hii Kigoma wakeshe, ijayo California waamke alfajiri. Anayelipa atasema saa apange yeye. Sawa, apange, lakini alipie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi wa saa, kwa kila saa anayofanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Ni kidogo, najua. Tena aliyesaini kama mkandarasi huru hata hiyo haimfikii, kwa hiyo malipo ya usiku ayadai kabla ya kutia saini.