Kinachoiuza Treni ya Kiongozi Vitani ni Ratiba

Ukisoma habari za behewa la Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwandishi huanza na vyuma. Vyuma vilikuwepo kweli. Behewa hilo, Ferdinand Magellan, liliundwa na kampuni ya Pullman mwaka 1929, likafumuliwa na kujengwa upya mwaka 1942. Likavishwa mabamba ya chuma cha nikeli yenye unene wa milimita 16 ubavuni, sakafuni na juu ya paa. Vioo vya madirisha vilikuwa vya milimita 76, tabaka 12 zilizogandamizwa pamoja. Mlango wa nyuma peke yake ulikuwa na uzito wa kilo 680, na behewa zima likafikia takribani tani 129. Jina lilifutwa ubavuni, likabaki neno Pullman tu, kama lilivyoandikwa kwenye mamia ya mabehewa ya abiria wa kawaida.

Kwangu mimi, kitu cha maana zaidi katika orodha hiyo ni kule kufuta jina. Deraya inaanza kazi pale ambapo siri imekwisha kuvuja.

Gari likihisi hatari hukata kona. Treni haina kona ya kukata, na ili ipite salama ni lazima watu wengi wajue kwamba inapita: wa swichi, wa ishara, wa maji na makaa, stesheni masta wa kila kituo, na madereva wa treni nyingine wanaoamriwa kupisha. Ukimficha mtu wa swichi, unajitengenezea ajali kwa mikono yako. Ukimweleza yote, huna siri tena. Kwa hiyo habari hukatwa vipande: huyu anapewa saa na njia, yule anapewa idadi ya mabehewa, na jina la abiria halitajwi kwa yeyote kati yao. Tatizo ni kwamba amri zenyewe zinasema. Swichi zikifungwa kwa kufuli, treni ya mizigo ikisimamishwa kwenye njia ya jirani, kisha treni fupi isiyo na abiria ikitangulia mbele, fundi reli yeyote mzoefu ameshajua kinachokuja nyuma yake.

Hiyo treni tangulizi nayo husifiwa kupita kiasi. Kazi yake ni kuikanyaga njia kwanza, ili reli iliyovunjika au bomu linalolipuka kwa uzito liikute yenyewe. Bomu linalolipuliwa na mtu aliyekaa pembeni na waya mkononi haliikamati. Mtu huyo huiacha ya kwanza ipite, akasubiri ya pili.

Zhang Zuolin, mbabe wa vita wa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, aliuawa kwa njia hiyo tarehe 4 Juni 1928, akirudi Mukden, makao yake makuu, kutoka Beijing huku majeshi ya China ya kusini yakimsukuma. Maofisa wa Jeshi la Kwantung, jeshi la Japani lililokaa Manchuria, walikuwa na watu wa kuifuatilia treni yake njiani na kutuma taarifa. Mabomu hayakuwekwa kwenye reli aliyopita. Yaliwekwa kwenye daraja la reli ya Wajapani lililovuka juu ya njia yake, karibu na Huanggutun. Walinzi wake waliweza kuikagua reli ya chini. Daraja lilikuwa katika eneo la ulinzi la Wajapani wenyewe. Hapo unene wa chuma cha behewa si swali la kwanza. Swali la kwanza ni nani anamiliki kila daraja linalopita juu yako.

Roosevelt alilindwa vizuri zaidi na hila ndogo ndogo. Hakuwa akipandia Union Station, stesheni kuu ya Washington, mbele za watu. Treni yake ilingoja kwenye njia ya pembeni, chini ya jengo la serikali la kuchapia noti. Usiku wa tarehe 9 Januari 1943, safari ya kwenda Casablanca, Moroko, ilianza kwa treni kuelekea kaskazini, kana kwamba Rais anakwenda nyumbani kwake Hyde Park. Huko Fort Meade, Maryland, ikageuzwa na kushuka kusini hadi Miami, alikopandia ndege. Wahudumu wa kawaida wa Pullman walibadilishwa na mabaharia Wafilipino waliomhudumia Rais siku zote. Mwaka 1942 alizunguka viwanda vya vita kwa wiki mbili, zaidi ya kilomita 14,000, akifuatana na waandishi watatu tu wa mashirika ya habari, na hakuna kilichochapishwa mpaka aliporudi. Maelfu ya wafanyakazi walimwona kwa macho.

Udhaifu ulikuwa wa kibinadamu, na wa kimbwa. Fala, mbwa wake, ilibidi ateremshwe vituoni kutembezwa, na kila aliyemwona alijua mwenyewe yumo ndani. Walinzi walimbandika jina la mtoa siri. Halafu kuna mwendo: Roosevelt hakuweza kujikaza kwa miguu behewa likiyumba, hivyo alipenda treni iende kama kilomita 56 kwa saa au chini ya hapo. Treni ya polepole huishikilia njia kwa muda mrefu, na kila dakika ya ziada ni treni nyingine imechelewa na mtu mwingine anauliza kwa nini.

Stalin aliifuata njia iliyo kinyume kabisa. Kwa safari ya Potsdam, Ujerumani, Julai 1945, kilomita 1,923 za reli zilipangiwa askari 17,000 wa NKVD, idara ya usalama ya Kisovieti, watu 6 hadi 15 kwa kila kilomita, pamoja na treni 8 za deraya za doria. Sioni siri yoyote hapo. Ni nguvu tupu, na inawezekana tu kwa mwenye jeshi linaloimiliki njia nzima.

Treni iliyosimama ina shida zake. Aprili 1941 ile ya Hitler iliegeshwa karibu na handaki la Mönichkirchen, Austria, ili ikimbilie ndani ndege zikija. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, siku chache kabla ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, Ufaransa, Juni 1944, alikaa ndani ya treni yake Droxford, kituo kidogo cha kijijini Hampshire, Uingereza. Maficho yalikuwa mazuri, ila mawaziri walilalamika: simu moja, bafu moja.

Mfano ninaoupenda ni wa Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipokwenda Ukraine iliyokuwa vitani na Urusi, Februari 2023. Kutoka Przemyśl, mji wa Poland karibu na mpaka, hadi Kyiv ni kama saa kumi kwa treni. Wamarekani waliijulisha Moscow saa chache kabla ya kuondoka, kuepusha makombora ya bahati mbaya. Waandishi wawili, simu zao zimechukuliwa. Kesho yake mkuu wa reli za Ukraine aliwaomba radhi abiria: kwa kuipisha treni hiyo, ni asilimia 90 tu ya treni zake zilizofuata ratiba.